Usikopee Makala

Ndugu yangu wa Morogoro,

Barua yako imenigusa, na najibu upesi kabla hujasaini fomu ya mkopo wa SACCOS. Jarida la nje limeikubali makala yako ya viwavijeshi vamizi, sasa wanataka dola 2,500 ili isomwe bure na kila mtu. Usipolipa itafungwa, na bwana shamba aliyekuzungusha mashambani hataiona. Usikope.

Yapo majarida yaliyo wazi yote. Hayo mara nyingi huwasamehe au kuwapunguzia ada watafiti wa nchi kama yetu, ila uombe mapema, kabla ya ankara. Lako, kwa maelezo yako, ni la mseto: linaziuzia maktaba usajili, kisha linamtoza mwandishi anayetaka makala yake ifunguliwe. Huko msamaha ni nadra. Lakini hulazimiki kulipa. Makala itatoka vilevile na utaitumia vilevile kuombea cheo.

Sasa shika hili, maana vijana wengi hawaambiwi, na inaniuma. Mswada wako wa mwisho, ule uliokwisha kuurekebisha kwa maoni ya wahakiki lakini mchapishaji hajaupanga kurasa, majarida mengi hukuruhusu kuuweka kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Mengine huruhusu papo hapo, mengine baada ya miezi 12 au zaidi. Tafuta kipengele hicho kwenye mkataba kabla ya kusaini, kisha mpelekee mkutubi faili lako la Word, si ile PDF yenye nembo ya jarida. Wala hii si njia ya uchochoroni: Azimio la Budapest la mwaka 2002, kuhusu makala kusomwa bure, liliitaja ya kwanza, kabla hata ya majarida ya wazi.

Makala ijayo ipeleke kwa jarida lisilomtoza msomaji wala mwandishi. DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi, itakuonyesha yapi hayana ada. Barua pepe za kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku 3, futa.

Na bwana shamba? Hata ikifunguliwa, makala yako ni ya Kiingereza cha kitaalamu. Mwandikie kurasa mbili za Kiswahili: mayai yatafutwe kwa mafungu chini ya jani, kinyesi kama unga wa mbao ndani ya moyo wa mhindi, na ulichogundua wewe kuhusu wakati wa kunyunyizia. Zibandikwe ofisi ya kijiji. Ukiziandika upya kwa maneno yako, huhitaji ruhusa ya mchapishaji yeyote, na unaweza kuanza wiki hii.