Somo: Shimo la Dhahabu Wakati wa Mvua

Ninyi watu wa Uvira, mliona mto Mulongwe ulivyofurika mwezi wa 4 mwaka 2020 na kubomoa nyumba. Mwaka ule ule, tarehe 11 mwezi wa 9, mvua kubwa ilinyesha Kamituga. Maji yakaingia katika mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wengi wakafa humo.

Basi, mkienda kuchimba, shikeni haya:

1. Mvua ikionekana mlimani, tokeni shimoni upesi.
2. Chimbeni mtaro upande wa juu, kama mnavyolinda shamba la mihogo.
3. Msirundike udongo ukingoni; uzito wake huangusha ukuta.
4. Mtu asishuke peke yake. Mwenzake akae juu.

Dhahabu haiozi. Ingojeni mpaka udongo ukauke.