Mkristo na Filamu: Tutazame kwa Macho Gani?

Naomba tuketi pamoja kidogo juu ya jambo ambalo limezua ubishi mkali hapa shuleni mwaka huu, nalo ni filamu za Jumamosi usiku. Kuna wenzetu katika Jumuiya ya Wakristo wanaoshikilia kwamba projekta ikishawashwa bwaloni, Shetani naye amepewa kiti cha mbele. Kuna na wengine wasemao kuwa filamu ni filamu tu: mtu hutazama, akacheka, akaenda zake kulala. Mimi ni mwanachama wa Jumuiya hiyo na bwaloni pia sikosi, kwa hivyo pande zote mbili hunitazama kwa jicho la kando. Mwalimu mlezi wa chama chetu ndiye aliyeniambia niandike somo hili badala ya kubishana kwenye foleni ya chakula. (Wenzetu Waislamu na wa dini nyingine watanivumilia. Naandika kwa ninavyoamini mimi.)

Wale wa kwanza nawajibu kwa Matendo ya Mitume sura ya 17. Mtume Paulo alipofika Athene alizunguka mji akiangalia sanamu zao moja moja, na aliposimama kuwahutubia aliwatajia maneno ya washairi wao wenyewe. Sasa jamani, utamtaja vipi mshairi ambaye hujawahi kumsikia? Paulo alichukia ibada za sanamu, lakini hakufumba macho.

Wale wa pili nao wasishangilie mapema. Hakuna filamu isiyo na mafunzo. Anayeitengeneza ana kitu anachotaka tukipende na kingine anachotaka tukichukie, na hutupitishia hayo wakati tumelegea, tunacheka. Chukua zile filamu za ngumi na bunduki tulizozoea katika vibanda vya video mitaani, zile ambazo DJ Afro huzitafsiri kwa madoido mpaka mbavu zikauma. Sheria yake sote twaijua: stelingi hafi. Anaweza kuangusha watu thelathini kutoka paani nasi tukapiga makofi. Hebu siku moja umtazame yule anayeanguka. Hana jina, hana mama, hata uso wake hatukuonyeshwa vizuri. Ameumbwa hivyo makusudi ili tusimlilie. Lakini Mwanzo 1:27 inatufundisha kuwa mtu yeyote ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye yule wa paani ni mtu. Sisemi tuache kutazama. Nasema tujue makofi yetu tunampigia nani.

Mimi huingia bwaloni na swali moja: filamu hii inasema tatizo la mwanadamu ni nini, na ni nani atakayemtoa humo? Wacha nilitumie kwa filamu ambayo nina hakika sote tumeiona, The Lion King ya mwaka 1994, ambayo ilitengenezwa upya mwaka 2019.

Wanachama wa Kiswahili tuna sababu ya kuipenda. Wachoraji wake walikuja hapa Kenya mwaka 1991 kuangalia mandhari ya Hell's Gate kule Naivasha, na majina mengi ni yetu. Simba na Rafiki hayahitaji kamusi. Sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali. Pumbaa ni kuduwaa kama mjinga. Yule fisi Shenzi, basi, ameshajieleza. Na kuna ile "hakuna matata". Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilipoitumia katika wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982, yalikuwa maneno ya kumkaribisha mgeni: keti, usiwe na wasiwasi, uko nyumbani. Katika filamu yamegeuka kuwa falsafa nzima. Lililopita limepita, usiulizwe lolote na mtu yeyote. Simba ananenepa kwa wadudu huku nchi ya babake inakauka na mamake anatawaliwa na muuaji. Ajabu ni kwamba wengi hutoka wakiimba falsafa hiyo, na kumbe filamu yenyewe inaikataa! Sura ya baba inamtokea Simba mawinguni, inamkumbusha yeye ni nani, naye anarudi. Hapo Mkristo anaweza kuitikia bila shida.

Bali tusiishie hapo. Baadhi yetu hupenda kusema Simba ni yule mwana mpotevu wa Luka 15. Kweli wote wawili waliondoka nyumbani na wote walirudi, lakini tazama tofauti. Mwana mpotevu alikosa kwelikweli, akafuja mali kwa hiari yake. Simba hakufanya neno. Baba mdogo wake, Scar, ndiye aliyemuua Mufasa, kisha akamtwika mtoto lawama na kumwambia akimbie asirudi tena. Scar anafanya kazi ile ile anayotajwa nayo Shetani katika Ufunuo sura ya 12, kazi ya kushitaki. Mwishoni ukweli unatoka, Simba anajua hana hatia, na mzigo unaanguka.

Sasa hili ndilo swali lililoninyima usingizi: kama Simba angekuwa amemuua babake kweli, hata kwa upumbavu wa kitoto, filamu ingemwambia nini? Mimi naona haina la kumwambia. Inamponya asiye na hatia kwa kumwonyesha kuwa hana hatia, basi. Na sisi tuliofanya makosa ya kweli, yenye mashahidi na tarehe? Injili inaanza pale ambapo filamu hii inanyamaza. Yule baba wa Luka 15 hakusubiri kuthibitishiwa kwamba mwanawe alisingiziwa. Alimkimbilia angali mbali.

Kuna mengine mawili nitayapitia haraka. Wafalme waliokufa wanasemwa kuwa nyotani wakiwaangalia walio hai. Hilo si fundisho la kanisa, ijapokuwa wazee wetu wangelielewa upesi. Pili, Simba anamsamehe Scar asimuue, tunafurahi, lakini papo hapo Scar anamrukia, na fisi ndio wanaommaliza. Hii ni hila ya filamu nyingi: stelingi abaki na mikono safi, na adui afe vilevile ili watazamaji waridhike.

Je, filamu za dini ndizo salama? Ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979 imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo, na imeonyeshwa viwanjani hadi vijijini. Inafuata Injili ya Luka na imefanya kazi kubwa. Hata hivyo, muulize mtoto Yesu alikuwa na sura gani, atakueleza sura ya Brian Deacon, mwigizaji wa Kiingereza. Luka hakuandika hata neno moja juu ya sura yake. Nayo basi inahitaji macho.

Nimeiweka mwisho Chariots of Fire ya mwaka 1981, maana hiyo ndiyo iliyotugawanya. Inasimulia habari za kweli za wakimbiaji wawili wa Uingereza katika Olimpiki ya Paris ya 1924. Eric Liddell, Mskoti aliyezaliwa China kwa wazazi wamisionari mwaka 1902, alikataa mbio za mita 100 kwa kuwa mchujo wake ulikuwa Jumapili. Badala yake alikimbia mita 400 akapata dhahabu kwa sekunde 47.6. Mita 100 zilichukuliwa na Harold Abrahams, Myahudi. Tafadhali ukiitazama usimshangilie Liddell peke yake. Waangalie wale wakubwa wa Cambridge wanavyomdharau Abrahams kwa asili yake na kwa kuajiri kocha. Wale ni watu wa kwenda kanisani, na filamu haiwafichi.

Ilipoonyeshwa hapa, bwalo lilitulia kuliko nilivyowahi kuona. Sababu twaijua. Mwaka jana mwenzetu mmoja, Msabato, alikataa kukimbia kupokezana vijiti katika mashindano ya kaunti ndogo kwa kuwa yaliangukia Jumamosi. Shule ikashindwa. Watatu aliowaacha hawajamsamehe mpaka leo. Baada ya filamu mmoja wao alisimama akasema Liddell alikuwa mchoyo, alitumwa na nchi naye akaangalia nafsi yake. Mwingine akataja Marko 2, kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Kisha mwenyewe akasema, polepole sana, "Liddell alipewa mbio nyingine. Mimi sikupewa."

Hakuna aliyemjibu. Nimesoma tangu hapo, na ninataka kumjibu hapa. Katika filamu Liddell anapata habari za Jumapili akipanda meli, na tajiri mmoja anamwachia nafasi yake ya mita 400. Haikuwa hivyo. Alijua ratiba miezi mingi kabla, akafanya mazoezi ya mita 400 muda wote huo, wala hakuna aliyemwachia nafasi. Watengenezaji waliyabadilisha ili utii na tuzo vikae karibu, kana kwamba ukimheshimu Mungu asubuhi medali inakuja jioni. Yaliyofuata dhahabu yanapitishwa kwa maneno machache tu mwishoni. Mwaka 1925 alirudi China kufundisha na kuhubiri. Katika vita Wajapani walimfunga kambini Weihsien, na huko akafa Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43, kabla vita havijaisha. Hakupewa mbio nyingine pale. Waebrania 11 nayo ina orodha ya waaminio ambao hawakupokea walichoahidiwa, na wamewekwa katika orodha ileile ya waliopokea.

Kwa wale watatu nina neno pia. Mtu akimtii Mungu, gharama mara nyingi humwangukia na jirani yake. Filamu haikuonyesha mwenzake Liddell hata mmoja aliyepoteza kitu. Ninyi mlipoteza, na mna haki ya kusema inauma.

Filamu ya kufunga muhula ujao tumeomba iwe Les Misérables ya 2012, iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862. Humo Jean Valjean anaiba vyombo vya fedha vya askofu aliyemlaza na kumlisha. Ameiba kweli, hakusingiziwa. Askari wanamrudisha mlangoni na askofu ndiye wa kuamua. Njooni na Biblia, taa zitawashwa nusu saa kabla ya kengele ya kulala ili tupate nafasi ya kuzungumza.