Kubadilisha nyonga na goti: Mambo ambayo mgonjwa yafaa ajue kabla ya kisu

Na Daktari Wetu

MWALIMU mmoja mstaafu, mama mwenye umri wa miaka 64, alikuja kwenye kliniki yangu akiwa na haraka. Mwanawe aliye ng'ambo alikuwa amemtumia pesa za kubadilishiwa magoti yote mawili, na tarehe ya upasuaji ilikuwa imepangwa wiki tatu baadaye. Alichotaka kwangu ni barua tu ya kuthibitisha kwamba afya yake yaweza kuhimili kisu.

Nilipompima, sukari yake kabla ya kula ilikuwa 15, ilhali mgonjwa wa kisukari yafaa awe chini ya 7. Jino moja la nyuma lilikuwa limeoza na kutoa usaha. Isitoshe, mwezi uliotangulia alikuwa amedungwa sindano ya steroidi ndani ya goti la kulia ili kutuliza maumivu. Nilimweleza kwamba barua hiyo singeiandika. Alinuna, akaniambia: "Daktari, wewe huumwi na goti."

Alisema kweli. Hata hivyo, ningeiandika barua hiyo, huenda ningemwingiza katika taabu kubwa kuliko ile aliyokuja nayo. Madaktari wanaojifunza upasuaji wa mifupa hufundishwa kanuni fulani kuhusu kubadilisha nyonga na goti. Kanuni hizo si siri, na kila moja ina sehemu ya daktari na sehemu ya mgonjwa. Mgonjwa asipotimiza yake, hata fundi hodari hawezi kumwokoa.

Kiungo huharibika vipi?

Ukitazama mwisho wa mfupa wa kuku utaona utando mweupe unaoteleza. Hiyo ni gegedu. Sisi pia tunayo katika nyonga na magoti, na kazi yake ni kuzuia mfupa kusugua mfupa. Gegedu ikilika, mfupa hukutana na mwenzake, na hapo maumivu huanza.

Aghalabu hali hii huletwa na umri, uzito wa mwili na majeraha ya zamani. Baridi yabisi nayo hula viungo hata vya watu wenye umri mdogo. Katika nyonga kuna sababu nyingine tunayoiona sana miongoni mwa vijana: kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu, kikafa na kubonyea. Wenye ugonjwa wa selimundu, waliotumia steroidi kwa muda mrefu na wanywaji wa pombe kupindukia wamo hatarini. Kwa wazee, kuanguka bafuni tu kwaweza kuvunja shingo ya mfupa wa paja, na wengi wao huhitaji kubadilishiwa kiungo.

Kanuni ya kwanza: Hakikisha kiungo kinachouma

Hili laonekana jambo dogo, lakini wengi hukosea hapa. Kijana mmoja mwenye selimundu alizunguka kwa miezi akitibiwa goti. Picha za eksirei za goti zilikuwa safi kabisa. Nilipomlaza kitandani na kuuzungusha mguu wake kwa ndani, aliruka kwa maumivu. Ugonjwa ulikuwa kwenye nyonga.

Nyonga na goti hutumia baadhi ya neva zilezile, hivyo basi maumivu ya nyonga yaweza kusikika gotini. Maumivu halisi ya nyonga huwa kwenye kinena. Mgonjwa hushindwa kuvaa soksi au kukata kucha za miguu. Yale ya matakoni yanayoshuka nyuma ya paja mara nyingi hutoka mgongoni. Daktari akikutibu goti bila kuigusa nyonga wala kukutazama ukitembea, mwombe afanye hivyo.

Kanuni ya pili: Mtibu mtu, usiitibu picha

Kuna watu ambao picha zao za eksirei zinatisha, na bado wanalima na kupanda ngazi. Hao hawahitaji upasuaji. Kinachoamua ni maisha ya mgonjwa. Je, maumivu humwamsha usiku? Je, anashindwa kufika kwenye kituo cha matatu? Je, amejaribu kwa dhati kupunguza uzito, kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kumeza dawa na kutumia bakora bila nafuu?

Kuhusu bakora, wengi huishika vibaya. Ishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Ukiumwa na goti la kulia, bakora iwe mkono wa kushoto. Utastaajabu jinsi mzigo unavyopungua.

Umri nao huhesabiwa kwa sababu kiungo bandia huchakaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la madaktari la Lancet ulikadiria kwamba katika kila nyonga 100 zilizobadilishwa, takriban 58 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa magoti yaliyobadilishwa yote ni takriban 82. Hizo ni habari njema kwa mtu wa miaka 70. Kijana wa miaka 35 naye ajue kwamba huenda akarudi mezani mara ya pili, na upasuaji wa kurudia ni mgumu na ghali zaidi.

Lakini kuchelewa pia kuna gharama. Goti lililokaa miaka mingi likiwa limepinda huwa na misuli iliyonyauka na kano zilizokakamaa. Goti kama hilo, hata likibadilishwa, huenda lisinyooke vyema.

Kanuni ya tatu: Zuia viini kabla ya kisu

Mnamo 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alijaribu kuwawekea wagonjwa wa kifua kikuu cha viungo magoti ya pembe za ndovu. Wazo lilikuwa zuri, lakini maambukizi yaliyaharibu. Hadi leo, adui huyo hajabadilika.

Bakteria wakiingia mwilini, kwa kawaida damu huleta askari wa kupigana nao. Chuma na plastiki havina damu. Bakteria wakiketi juu yake hujijengea utando ambao dawa haziupenyi kwa urahisi. Mara nyingi tiba huwa kupasua tena, na pengine kuking'oa kiungo chote, mgonjwa akakaa wiki kadhaa akitumia dawa kabla ya kuwekewa kingine.

Daktari Mwingereza John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, alilitambua hilo mapema. Katika miaka ya 1960 alianza kupasua ndani ya kizimba kilichopulizwa hewa iliyochujwa, na baadaye yeye na wasaidizi wake wakavaa mavazi yaliyofyonza pumzi zao. Maambukizi yalipungua kutoka karibu wagonjwa 9 katika kila 100 hadi takriban 1. Siku hizi, pamoja na usafi huo, mgonjwa hupewa dawa ya kuua bakteria katika saa moja kabla ya kuchanjwa ngozi.

Sehemu ya mgonjwa ni hii. Sukari idhibitiwe, madaktari wengi hutaka kipimo cha wastani wa miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 8. Meno mabovu yatibiwe. Vidonda vya miguu na ngozi vipone. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla. Upungufu wa damu utibiwe. Na kiungo kilichodungwa steroidi kisipasuliwe kabla ya miezi mitatu kupita, maana sindano hiyo huongeza hatari ya maambukizi.

Sasa msomaji waona kwa nini sikumpa Mwalimu barua. Alikuwa na makosa matatu kwa wakati mmoja.

Kanuni ya nne: Mstari unyooke, mizani iwe sawa

Upasuaji wenyewe unafanana na useremala. Kwenye nyonga, daktari hukata kichwa kilichoharibika cha mfupa wa paja, akakwangua kikombe cha fupanyonga na kuweka kikombe kipya. Kisha hutia mhimili wa chuma ndani ya mfupa wa paja, wenye tufe la chuma au kauri juu yake. Kikombe chapasa kuinama kwa takriban digrii 40. Kikikaa vibaya, tufe laweza kuchomoka mgonjwa anapoinama. Kadhalika, urefu wa miguu lazima upimwe ili mgonjwa asibaki akichechemea.

Kwenye goti, watu wengi hudhani mfupa mzima hutolewa. La hasha. Daktari huondoa tabaka jembamba tu mwisho wa mfupa wa paja na juu ya mfupa wa muundi, akavika chuma na kuweka plastiki katikati. Mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu unapaswa kupita karibu na katikati ya goti. Nafasi kati ya mifupa nayo inafaa kulingana mguu ukinyooka na ukikunjwa. Ikibana, goti halikunjiki. Ikilegea, goti huyumba kama mlango uliolegea bawaba.

Vifaa navyo vina historia yake. Charnley alianza kwa plastiki aina ya Teflon. Ililika upesi, na chembe zake zikawasha na kuharibu nyama na mifupa ya wagonjwa wake. Ili kuthibitisha, alijidunga chembe hizo katika paja lake mwenyewe, nalo likavimba. Mnamo 1962 aligeukia plastiki ngumu zaidi iitwayo poliethilini, ambayo ikiwa imeboreshwa bado inatumika duniani kote. Vifaa vingine hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Vingine huachwa mfupa uote na kuvishika. Njia zote mbili ni nzuri zikitumiwa kwa mtu anayefaa.

Kanuni ya tano: Kazi huanza baada ya mshono

Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku iyo hiyo au siku ifuatayo. Huo si ukatili. Mguu usiosonga hugandisha damu, na donge likisafiri hadi mapafuni laweza kuua. Ndiyo maana mgonjwa hupewa pia dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hafai kuikatiza kwa hiari yake.

Mwenye goti jipya ana kazi kubwa kuliko mwenye nyonga mpya. Lazima alikunje na kulinyoosha kila siku, hata likiuma, kwa wiki na miezi. Anayelala na mto chini ya goti kwa sababu ni raha hujifundisha kubaki na goti lililopinda. Na ukweli lazima usemwe: takriban mgonjwa 1 katika kila 5 waliobadilishiwa goti hubaki bila kuridhika kabisa. Kupiga magoti huwa kugumu kwa wengi.

Mwenye nyonga mpya naye, katika miezi ya kwanza, aepuke kuinama kupita kiasi na kukunja nne. Hapa kwetu hilo lina maana yake. Choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni na kiti cha chini cha sebuleni vyote ni hatari. Nyumba itayarishwe kabla ya upasuaji: kiti cha choo kilichoinuliwa, kiti kirefu chenye mikono, mikeka inayoteleza iondolewe. Mwislamu aweza kuswali akiwa ameketi kitini.

Maswali ya kumwuliza daktari

Kabla ya kutia sahihi, uliza haya:

- Je, una hakika maumivu yanatoka kwenye kiungo hiki?
- Je, kuna tiba ambayo bado sijaijaribu?
- Ni kitu gani mwilini mwangu kinachopaswa kutengenezwa kwanza?
- Wewe mwenyewe hufanya upasuaji huu mara ngapi?
- Bei hii inajumuisha kifaa, dawa na mazoezi ya viungo? Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, au bima yangu italipa kiasi gani?
- Nikipata tatizo usiku, nimpigie nani simu?

Ukisharudi nyumbani, kimbia hospitalini iwapo kidonda kitatoa maji au usaha, ukipata homa, muundi ukivimba na kuuma, ukikosa pumzi ghafla, au mguu ukifupika na kugeuka baada ya kujikwaa. Usianze kumeza dawa za kuua bakteria ulizonunua dukani. Dawa hizo huweza kuwaficha viini na kumfanya daktari ashindwe kuwatambua.

Mwalimu alirudi

Yule mama alirudi miezi minne baadaye. Jino lilikuwa limeng'olewa, sukari ilikuwa 6.8, na alikuwa amepunguza kilo 5. Safari hii niliandika barua, na daktari wa upasuaji akakubali kubadilisha goti moja kwanza, maana kufanya yote mawili kwa siku moja humlemea mgonjwa wa umri wake mwenye kisukari.

Juzi alikuja kupimwa presha. Alipanda ngazi za kliniki yangu hadi orofa ya pili bila kushikwa mkono. Kanisani bado hapigi magoti. Husali akiwa ameketi. Nilipomwuliza kuhusu goti la pili, alicheka na kuniambia kwamba safari hii meno yake ameyakagua mwenyewe.