Sarafu za zamani: zipi ziuzwe, zipi zibaki sandukuni

MWENYE duka la kanga na vitenge katika Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, hahitaji kufundishwa kuhesabu mali. Kila mwisho wa mwaka anajua doti ngapi zimebaki, zipi zimekaa muda mrefu bila kuulizwa na zipi zishushwe bei ili mtaji urudi. Lakini mtu huyohuyo akiwa na sanduku la sarafu za kale nyumbani, mara nyingi halihesabu. Sanduku halilipi kodi ya pango wala halili chakula, hivyo huonekana kama halina gharama.

Gharama ipo, nayo hujitokeza siku mtaji unapopungua. Chukulia kuwa marobota ya mfanyabiashara huyo yamefika Bandari ya Dar es Salaam katika kontena la kuchangia, na wakala wa forodha ameleta hesabu inayozidi hela iliyopo kwa dola 250. Siku za bure zikiisha, gharama za kuhifadhi mzigo zinaanza kupanda. Kijana wake, ambaye ndiye anayeendesha duka, anamwambia: "Baba, zile sarafu si tuziuze tu?"

Mzee anakataa, lakini hana hoja. Alianza kukusanya tangu akiwa mwanafunzi, akiweka kila sarafu iliyomjia. Miaka imepita na mapenzi yake yamebadilika: siku hizi anazitafuta za wakati wa Wajerumani tu. Zilizobaki hajazigusa kwa miaka. Kukopa mtaani kwa riba ya, tuseme, asilimia 5 kwa mwezi ni kulipa dola 12 na nusu kila mwezi ili vitu asivyovitazama viendelee kulala.

Kosa la baba na mwana ni moja. Wote wanalichukulia sanduku kuwa kitu kimoja, cha kuuzwa chote au kubaki chote. Ndani mna bidhaa zenye bei za aina tatu, na kila sarafu inabidi iulizwe inasimamia bei ipi.

Bei ya kwanza ni ile iliyoandikwa usoni

Hii haichukui muda. Kwa sarafu za zamani bei iliyoandikwa ni karibu na bure. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kuchangia hifadhi ya wanyamapori: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Wakati huo dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, hivyo shilingi 1,500 zilikuwa sawa na dola 210. Leo kiasi hicho hakifiki dola moja. Lakini sarafu yenyewe ina takriban gramu 30 za dhahabu safi, na Machi 2025, bei ya dhahabu ilipopita dola 3,000 kwa aunsi, madini yake pekee yalikuwa ya dola 2,900 hivi. Aliyeweka noti za kiasi hichohicho chini ya godoro alibaki na karatasi.

Bei ya pili ni ya madini

Hapa ndipo mzani unapohitajika, pamoja na kujua kipi ni fedha na kipi siyo. Shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye simba na milima, zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Uzito ni gramu 7.78, fedha safi haifiki gramu 2. Zenye mwaka 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Wako wauzaji wanaozichanganya zote katika mfuko mmoja na kuziita "za fedha", na wako wanunuzi wanaokubali.

Rupia ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66, na fedha yake ni asilimia 91.7. Riale ya Maria Theresa, iliyozunguka Zanzibar na pwani nzima enzi za biashara ya majahazi, ina gramu 28 na fedha asilimia 83.3. Riale hizi zote zina mwaka 1780, lakini mwaka huo usimdanganye mtu: ziliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, katika miji kama Vienna, Roma, London na Bombay. Ndiyo maana nyingi hazina bei zaidi ya fedha iliyomo.

Tuseme sandukuni mna shilingi 40 za kabla ya 1948, riale 6 na rupia 12. Kwa mfano wa bei ya dola 40 kwa aunsi ya gramu 31.1 (bei ya siku iulizwe, inabadilika), shilingi zote 40 zina fedha ya dola 100, riale 6 zina dola 180 na rupia 12 zina dola 165. Sonara hatalipa bei kamili ya dunia, kwa kuwa naye ana kuyeyusha na ana faida yake. Akikata asilimia 10, shilingi na riale peke yake zinaleta dola 252. Marobota yanatoka bandarini, na hakuna rupia hata moja iliyoguswa.

Je, asubiri bei ipande zaidi? Historia ya fedha inatia hofu. Januari 1980 ilifika karibu dola 50 kwa aunsi. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo ilianguka hadi chini ya dola 11. Mwaka 1992 ilikuwa inauzwa kwa takriban dola 4. Ilirudi karibu na dola 50 Aprili 2011, ikaanguka tena, na ikavuka 50 mwezi Oktoba 2025. Aliyekosa kuuza mwanzoni mwa 1980 alisubiri miaka 31 kuiona tena bei ile, bila gawio wala riba katikati. Katika muda huohuo nchi ilipata mnada wa dhamana za serikali, na tarehe 15 Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kufanya biashara. Kwa sarafu zenye bei ya madini tu, hitaji la mwenye nazo ni sababu tosha ya kuuza.

Bei ya tatu ni ya mkusanyaji

Bei hii haipimwi kwa mzani. Inategemea mambo matatu: zilitengenezwa ngapi, zimebaki katika hali gani, na wangapi wanazitaka. Habari nzuri ya sarafu si mojawapo. Senti 5 na senti 10 zenye tundu za mwaka 1936 ni mfano wa kukumbuka. Zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu Desemba ya mwaka huo kabla ya kutawazwa, na ni nchi chache sana zilizotoa sarafu kwa jina lake. Kila anayezipata hudhani ametajirika. Lakini zilitengenezwa kwa wingi, zimejaa makopo ya Afrika Mashariki yote, na bei yake ni ndogo.

Kinyume chake ni sarafu za Tabora za 1916. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, sarafu hazikuweza kuingia kutoka Ujerumani, na serikali ya kikoloni ikaamua kutengeneza zake katika karakana ya reli mjini Tabora. Zilitoka hela 5 na hela 20 za shaba, na rupia 15 ya dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji na kazi ikawa imekwisha. Za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu. Kila moja ina gramu 5.4 hivi za dhahabu safi, lakini wakusanyaji, hasa wa Ujerumani, huinunua kwa bei inayozidi sana madini hayo. Kuipeleka kwa sonara ni hasara ya wazi.

Hata hela 20 za Tabora hazilingani. Nyingi ni za shaba ya manjano. Za shaba nyekundu ni chache zaidi, na michoro ya taji nayo inatofautiana. Asiyejua huziuza zote kwa bei ya ile rahisi.

Rupia ziko katikati. Iliyolika hadi sura ya Kaisari haionekani iko karibu na bei ya madini. Yenye kofia ya chuma na manyoya ya tai yaliyo wazi, na upande wa pili simba chini ya mnazi wa kampuni ya Kijerumani, ina bei nyingine. Hapo mwenye sanduku achague moja moja. Kama ana nne za mwaka mmoja, abaki na iliyo safi na auze tatu.

Makosa yanayokula thamani

La kwanza ni kusugua. Ndimu, majivu, dawa ya kung'arishia shaba, vyote huondoa ngozi ya sarafu, na mkusanyaji huiona alama hiyo kwa jicho moja. Sarafu nyeusi yenye michoro kamili ni bora kuliko inayong'aa kwa kusuguliwa. Hata zile za 1974 zisitolewe katika kisanduku chake: zilitolewa za fedha nusu na za fedha asilimia 92.5, na kisanduku na cheti ndivyo vinavyomhakikishia mnunuzi ni ipi.

La pili ni kuuza kwa mkupuo. Mnunuzi anakuja na heshima zake: "Shikamoo mzee, nitakuchukulia lote, usisumbuke." Usumbufu anaouondoa ndio faida yake. Mfalme Farouk wa Misri alipinduliwa Julai 1952, na mwaka 1954 kampuni ya Sotheby's iliunadisha mkusanyiko wake wa sarafu mjini Cairo. Sarafu nyingi zilifungwa pamoja katika mafungu makubwa, za nadra na za kawaida, na wanunuzi waliojua wakaondoka na vitu vya thamani kwa bei ya chini. Mmarekani Louis Eliasberg alifanya tofauti: mwaka 1947 aliuza zile alizokuwa nazo zaidi ya moja, akabaki na zilizo bora.

La tatu ni la kisheria. Vijisarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa haviko katika hesabu hii kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863. Kuviuza au kuvitoa nje bila kibali ni kosa. Aliye navyo aende Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, akaulize.

Kuhusu mahali pa kuuzia, kila fungu lina mlango wake. Shilingi na riale ni za masonara. Waliopo Mtaa wa Indira Gandhi wako karibu karibu, hivyo ziulizwe bei tatu kabla ya kukubali moja, na sarafu zipimwe mbele ya mwenyewe. Rupia nzuri na za Tabora ni za wakusanyaji au minada ya nje, ambako ada ya mnadishaji huweza kufika asilimia 10 hadi 20 na malipo huchukua miezi. Hazifai kuuzwa wakati kontena linasubiri. Senti zenye tundu na shilingi za 1966 zenye sura ya Mwalimu hazina haraka. Zikauzwe kidogo kidogo kwa watalii, au wagawiwe wajukuu.

Kwa mzee wa Mtaa wa Uhuru, basi, shilingi 40 na riale 6 zinakwenda wiki hii. Rupia tatu za ziada zinasubiri mnunuzi anayejua, na pesa yake iwekwe kando, isichanganywe na ya duka, kwa ajili ya ile rupia 15 yenye tembo ambayo hajaipata.