Moyo na Ini: Ugonjwa wa Kimoja Huweza Kuanzia kwa Kingine

Tumbo la mtu linapojaa maji na miguu yake kuvimba, wengi husema papo hapo kuwa ini limeharibika. Wengine hudai amerogwa, na mgonjwa huwekwa ndani akinyweshwa dawa hii na ile huku hali ikizidi kuwa mbaya. Uvimbe huo waweza kutokana na ini, waweza pia kutokana na moyo, na wakati mwingine viungo vyote viwili vinaugua kwa pamoja. Somo hili linaeleza uhusiano huo, ili mkazi wa kata atambue dalili mapema na ajue la kusema anapofika kituoni.

Njia ya damu

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Karibu robo ya damu hiyo hupita kwenye ini, lililo chini ya mbavu za upande wa kulia. Ikitoka huko, damu huingia moja kwa moja upande wa kulia wa moyo. Ini basi ni mfano wa shamba lililo kando ya mfereji: mfereji ukiziba huko mbele, maji hurudi na kulifurika shamba.

Moyo unapotangulia kuugua

Moyo huweza kudhoofishwa na shinikizo la juu la damu lisilotibiwa, au na ugonjwa wa rumatiki, ambao huanza na maambukizi ya koo utotoni na kuharibu vali. Kifua kikuu nacho huweza kushambulia mfuko unaouzunguka moyo. Aidha, misuli ya moyo huweza kulegea kwa mama aliye mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua.

Moyo uliodhoofika hushindwa kupokea damu yote inayorudi. Damu hutuama kwenye ini, ini huvimba, mgonjwa huumwa chini ya mbavu za kulia, hukosa hamu ya kula, na macho yake huweza kuwa ya manjano. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, ini hupata makovu. Mgonjwa wa namna hii akitibiwa ini pekee hatapona, kwa kuwa mfereji bado umeziba.

Ini linapotangulia kuugua

Homa ya ini aina ya B na pombe nyingi huacha makovu kwenye ini. Ini likisinyaa, mishipa ya damu mwilini hutanuka, na moyo hulazimika kufanya kazi kubwa kuliko kawaida hadi nao unachoka. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni hatari nyingine. Mayai ya minyoo yake hujeruhi ini. Baadaye huweza kufika mapafuni, yakapandisha shinikizo la mishipa ya humo na kuulemea upande wa kulia wa moyo.

Yapo pia mafuta yanayojikusanya kwenye ini kwa watu wenye unene uliozidi au kisukari. Wengi wao hawahisi maumivu yoyote. Hata hivyo, kinachowaua zaidi watu hao ni magonjwa ya moyo na mishipa, si ini lenyewe.

La kumweleza tabibu

Mgonjwa akumbuke kilichoanza. Mara nyingi, ugonjwa wa moyo huanza kwa kukosa pumzi, kushindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito, na miguu kuvimba, ndipo tumbo hufuata. Ugonjwa wa ini kwa kawaida huanza na tumbo. Mpangilio huo haumwezeshi mtu kujitibu nyumbani, bali humsaidia tabibu kuamua vipimo na rufaa.

Mgonjwa ataje pia dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, kwani baadhi yake hudhuru ini. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani bila cheti, huzuia chumvi na maji mwilini na kuongeza uvimbe. Parasetamo nayo ikizidi kipimo huweza kuliua ini.

Kinga

Mtu mzima apime shinikizo la damu hata kama haumwi. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 kila kinaporudiwa chahitaji ushauri wa tabibu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikijumuishwa iliyomo kwenye vyakula. Pombe iepukwe. Mtoto anayelalamika koo apelekwe kutibiwa, na mtoto mchanga akamilishe chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, ambazo ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B. Wanaoishi penye kichocho wamalize dawa zinapogawiwa.

Anayekosa pumzi akiwa amepumzika, anayetapika damu, au anayechanganyikiwa akiwa na macho ya manjano apelekwe kituo cha afya au hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri kikao cha ukoo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.