Jina Rasmi na Jina la Mdomoni: Viwanja vya Michezo katika Eneo la Ruhr, Ujerumani

1.0 Utangulizi

Onomastiki ni taaluma inayochunguza majina: yanavyozaliwa, yanavyotumika na yanavyobadilika. Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huiendea kupitia majina ya watu na ya mahali, ilhali viwanja vya michezo navyo vina data tele. Makala haya yanaangazia eneo la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, ambalo kwa zaidi ya karne moja liliishi kwa makaa ya mawe na chuma cha pua. Miji ya Dortmund, Bochum na Gelsenkirchen imekaribiana sana huko, hivi kwamba mgeni anaweza kuvizuru viwanja vyake vikuu kwa siku moja. Swali la msingi ni hili: jina la uwanja linapouzwa, ni nini hasa kinachouzwa?

2.0 Majina ya Ardhi

Mjini Dortmund kuna uwanja wa Rote Erde, uliofunguliwa mwaka 1926. Maana yake ni 'udongo mwekundu', lakabu ya kale ya nchi ya Westfalen. Ubavuni mwake ulijengwa Westfalenstadion, uliofunguliwa mwaka 1974 kwa ajili ya Kombe la Dunia. Huu hupokea zaidi ya watazamaji 81,000 katika mechi za ligi. Jukwaa lake la kusini, ambako takriban watu 25,000 hutazama mechi wakiwa wamesimama, ndilo kubwa zaidi la aina yake barani Ulaya. Bochum nako, Ruhrstadion, uliofunguliwa mwaka 1979, ulipewa jina la mto uliolipa eneo zima jina lake. Majina haya matatu hayamtaji mtu wala kampuni. Yanamweleza msikilizaji alipo.

3.0 Majina ya Kazi

Gelsenkirchen jina lilichimbuliwa mgodini. Uwanja wa Glückauf-Kampfbahn, uliofunguliwa mwaka 1928, ulikuwa nyumbani kwa klabu ya Schalke 04, ambayo wachezaji wake hadi leo huitwa 'wachimba migodi'. 'Glückauf' ni salamu ya wachimba makaa: 'Glück' ni heri, na 'auf' hudokeza kufunguka au kwenda juu. Aliyeshuka chini ya ardhi alitakiwa heri kwa neno hilo, naye asiyejua kama angerudi aliijua thamani yake. Kati ya mwaka 1934 na 1942, Schalke ilitwaa ubingwa wa Ujerumani mara sita. Mgodi wa mwisho wa makaa magumu nchini humo, ulioko Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Kazi imekwisha, salamu imebaki.

Uwanja wa sasa wa klabu hiyo, wenye paa linalofungwa na kufunguliwa na nyasi zinazotolewa nje zikapate jua, ulifunguliwa mwaka 2001 kwa jina la Arena AufSchalke. Wenyeji husema wanakwenda 'auf Schalke', matumizi ya kihusishi yasiyofuata kanuni ya kawaida ya majina ya mahali katika Kijerumani. Hapa kibao rasmi kiliazima lugha ya mdomoni pamoja na 'kosa' lake.

4.0 Majina ya Biashara

Mwaka 2005 Arena AufSchalke ikawa Veltins-Arena, kwa jina la kiwanda cha bia. Desemba mwaka huohuo Westfalenstadion ukawa Signal Iduna Park, kwa jina la kampuni ya bima. Tangu mwaka 2016 Ruhrstadion umetanguliziwa jina la kampuni ya nyumba, Vonovia. Ni rahisi kulaani mauzo haya, lakini haki yahitaji kuzipima pande zote mbili. Mapema mwaka 2005 klabu ya Dortmund ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Kwake jina lilikuwa mali iliyoweza kuleta fedha. Aidha, wanunuzi wenyewe si wageni wa mbali: kampuni ya bima ina makao Dortmund, ya nyumba iko Bochum, na bia hutengenezwa huko huko Westfalen.

Hata hivyo, jina lililonunuliwa lina mipaka. Katika Kombe la Dunia la 2006 na Ubingwa wa Ulaya wa 2024, majina ya wadhamini yaliwekwa kando Dortmund na Gelsenkirchen. Nao mashabiki wengi bado husema Westfalenstadion, bila kumwomba mtu ruhusa.

5.0 Hitimisho

Kinachouzwa, basi, ni kibao, tiketi na tangazo, matumizi hayauziki. Jambo hili si geni kwa Mkenya. Mwaka 2009 Uwanja wa Kitaifa wa Nyayo uliingia katika mkataba wa kubeba jina la kampuni ya soda; mkataba ukavunjika baada ya miezi michache, na Nyayo likabaki Nyayo. Hata hivyo, matumizi hudumu maadamu wapo wanaoyatumia. Mtoto wa Gelsenkirchen aliyezaliwa baada ya migodi kufungwa ataijua 'Glückauf' iwapo tu atairithi kutoka vinywani mwa wakubwa wake. Mwanafunzi wa isimu ana kazi hapo: aandike jina rasmi la kila uwanja wa kwao, kisha amwulize kondakta wa matatu uwanja huo unaitwaje. Tofauti atakayoipata ndiyo data yake ya kwanza.