Ndege wa Bondeni Mwenye Taji

Somo letu safari hii ni korongo taji, yule ndege mrefu mwenye nywele za dhahabu kichwani. Kimo chake ni kama mita 1, na akitandaza mabawa hufika mita 2. Watoto wengine wa huku kwetu wanamjua tu kwa bendera ya Uganda. Si ajabu, na Sironga iko hapa hapa Nyamira?

Hutaga mayai 2 au 3 kinamasini, juu ya majani aliyoyalaza majini. Mume na mke huyalalia kwa zamu, karibu siku 30. Mchana utamwona akikanyaga-kanyaga nyasi, watu waseme ati anacheza. Kumbe anafurusha panzi awale! (Kucheza anacheza kweli, lakini hapo huwa na mwenzake, wanarukaruka na kuinamiana.)

Waganda wana ukoo mzima uitwao Ng'aali, kwa jina la ndege huyu, na wa ukoo huo hawamli. Kwingine huaminiwa kuwa kumuua ni kujitafutia mkosi. Sisi tunaona imani hiyo imemlinda kuliko sheria nyingi. Lakini haizuii jembe. Bonde likichimbwa mitaro, likapandwa mikaratusi au kufyatuliwa matofali, hana pa kutagia. Chemchemi nayo hupungua, na mama huongeza mwendo na mtungi wake. Tangu 2012 ndege huyu yumo katika orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka.

“Sasa tule nini?” mama mmoja alituuliza mkutanoni. Swali la haki, maana shamba lake lote ni hilo la bondeni. Tulimweleza habari za Kipsaina, Trans Nzoia, ambako wanakijiji waliunda kikundi 1990 karibu na kinamasi cha Saiwa, wakaanza vitalu vya miti, mizinga ya nyuki na mabwawa ya samaki. Hatukumwambia ang'oe mikaratusi yote siku moja. Alianza na mistari miwili iliyo karibu na chemchemi, akapanda nduma.

Ya kujadiliana kikundini:

Katika bonde letu, nani alimwona korongo mara ya mwisho, na wapi?

Akifukua mahindi yanayochipuka, tumfukuze vipi bila sumu?

Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi yetu ni ya nani, na nani ataenda kuongea naye?